Siku Koko Mariamu Alipomuuliza Mungu

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa msichana wa kwaya hapa mtaani Bwiza, tulikwenda kuimba kwenye kilio cha jirani yetu. Mwenye msiba alikuwa Mama Josué, aliyekuja huku Bujumbura kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na mume wake, wakapanga chumba nyuma ya maduka. Siku ya balaa alikuwa ameenda kanisani kwenye maombi ya alfajiri, mtoto wake mchanga mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Yeye akiwa amepiga magoti, ukuta wa matofali mabichi uliwaangukia mume wake na Josué, mtoto wake wa kwanza, wangali wamelala. Aliporudi aliwakuta majirani wanachimba tope kwa mikono.

Sikusimulii haya ili nikutishe. Umeniuliza kwa nini Mungu anawaachia watu wake wapate taabu, na mimi nikiulizwa hivyo siwezi kuanzia kwingine.

Tulikuta turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, na kreti za Fanta mlangoni, maana sisi watu wa kanisa hatunywi pombe msibani. Mama Josué alikuwa mkekani katika chumba alichoazimwa, ameegemea ukuta. Hakuwa amelia hata mara moja tangu mazishi, wala hakula. Lililotutia hofu zaidi, alikataa kumnyonyesha Aline, yule mchanga. Nilipewa mimi nimbembeleze. Nilijaribu kumpa uji mwepesi kwa kijiko, akautema, akalia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu, nikawaza kwamba tutarudi makaburini kabla ya wiki kwisha.

Sasa sikia tulivyomfariji. Kila aliyeingia alikuja na jibu lake tayari. Mmoja alisema Mungu huwapima anaowapenda. Mwingine alimnong'oneza ajichunguze, huenda kuna dhambi imefichwa nyumbani. Huyo hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka, Mungu anisamehe. Kisha kiongozi wetu wa kwaya, kijana asiye na ubaya wowote, akapiga goti mbele yake.

"Mama Aline, ushukuru Mungu," akamwambia. "Alikuita ku maombi juu akuokoe."

Umesikia alivyomwita? Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, unajua mwenyewe. Lakini Josué alipozikwa tuliogopa kulitaja jina lake, tukaanza kumwita mama yake kwa jina la mdogo, tukidhani tunampunguzia uchungu. Hakuna aliyetutuma. Mama Josué alimtazama yule kijana.

"Mi nilikuwa kwake," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namuomba atulinde. Kwangu nani alikuwa analinda?"

Akageukia ukuta. Sisi tukaanza wimbo wa furaha, kwa nguvu zote, kwa sababu hatukujua la kufanya.

Ndipo akaingia Koko Mariamu, bibi wa kanisa letu, ambaye vita vya Fizi, huko Kongo, vilimwachia mjukuu mmoja tu. Usije ukadhani alikuwa mpole. Alikuwa mkali, na watoto walimkwepa njiani. Alitupungia mkono tunyamaze, akavua viatu, akajishusha mkekani taratibu kwa sababu ya magoti yake.

"Mama Josué," akamwita.

Tulishtuka wote. Akaliita tena lile jina. Halafu, bila kutoa pole na bila kufumba macho, akaanza kuomba.

"Mungu, ni mi Mariamu. Leo sikuje kukushukuru. Huyu mama alikuwa kwako, amekupigia magoti. Ukuta ukaanguka. Ulikuwa unaweza kuushika, na haukuushika. Hatuelewe. Inatuuma sana. Na hatuna mwingine wa kumuuliza, ndiyo maana tunakuuliza we. Amina."

Kiongozi wa kwaya akainuka upesi.

"Koko, apana! Mungu haulizwe hivyo!"

"Mi namuuliza tangu niko musichana," Koko akajibu. "Bado hajanifukuza."

Mama Josué akaangua kilio. Sijawahi kusikia kilio kama kile, na sitamani kukisikia tena. Alimwita mwanawe kwa jina, akamwita na mumewe, akagaagaa mkekani, na Koko hakumwambia anyamaze. Aliweka tu mkono mgongoni mwake. Alipoishiwa nguvu alinyoosha mikono kwangu na kusema, "Muniletee mutoto." Maziwa yalikawia. Aline alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena, na mama yake analia juu ya kichwa chake, mpaka yakaja.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalimnyookea. Hayakumnyookea. Aline alikua, ndiyo, na mama yake alirudi kanisani. Lakini alfajiri za mvua hakutoka tena nyumbani. Alikaa macho akiangalia kuta. Alizeeka na swali lake. Nilimtembelea mara ya mwisho akiwa kitandani, hawezi tena kuinuka, akaniambia, "Nikifika, hiyo ndiyo ya kwanza nitamuuliza." Hakuwa anatania.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Taabu ikikupata, usikubali mtu akuambie ni lazima umetenda dhambi. Mvua haichagui paa la anayesali. Kwa nini Mungu huiacha inyeshe hivyo, sijui, na nimeishi miaka mingi nikiwasikiliza wanaodai wanajua. Ninachojua ni kwamba Yesu mwenyewe msalabani aliuliza kwa nini ameachwa, na hakuna aliyemwita asiye na imani. Kwa hiyo uliza. Lia. Mlalamikie Mungu usoni pake, lakini usimwondokee kimya kimya, maana anayelalamika bado anaongea naye. Na ukienda kwa aliyefiwa, mtaje marehemu kwa jina lake, kisha kaa. Majibu yako yaache nyumbani.

Nenda na amani. Mungu ambaye mimi sijamaliza kumwelewa asikae mbali nawe siku utakayokosa hata neno la kumwambia. Na siku hiyo akupe mtu wa kuketi kando yako, asiyekueleza kitu. Amina.