Leo Baba amenichagulia broka

Leo Baba amenichagulia broka wa hisa, na bado sijakaa sawa.

Mnajua vile anachukia hilo neno. Kwake broka ni yule mtu wa lori aliyekuwa akija Molo kununua viazi vyake kwa bei ya kutupa, tena kwa gunia la lumbesa, lile linajazwa kupita kipimo.

Basi tuko saiba hapa mjini, kwa kompyuta za kulipia. Mimi ndio naanza, nataka hisa za bei rahisi tu. Nimepata mabroka wawili, nashindwa nichukue yupi.

Nikamwelezea: “Huyu ana ofisi kubwa Nairobi, ukiwa na shida unaenda kumwona. Huyu mwingine yuko kwa mtandao peke yake. Hata mlango hana.”

Nilijua atacheka.

Hakucheka. Akauliza, “Na hizo hisa zinakaa wapi?”

“Hazikai mahali, Baba. Ni jina lako tu kwa kompyuta.”

“Kwa hivyo mtu akija usiku, hapati kitu cha kuchoma?”

Jamani.

Anaishi na mimi hapa mtaani Section 58 tangu wachome nyumba yake kule Molo Januari, kwa zile fujo za uchaguzi. Hajawahi kuitaja hata siku moja.

Nikamwambia, “Hapana, Baba. Hapati.”

Akagusa kioo cha kompyuta na kidole. “Basi chukua huyo hana mlango.”

 Nikabonyeza jina la huyo wa mtandao.

Sasa tumefika nyumbani. Naandika hii na yeye amesimama pale mlangoni, anavuta komeo tena, aone kama limeshika.