Kebo Aliyosingiziwa Bi Kijakazi

Haruni Mfaume alizaliwa Jibondo, kwa watu waunda vyombo vya baharini, lakini mikono yake iliikataa tezo ya kuchongea mbao ikapenda bisibisi. Alianza na redio za majirani, akasomea ufundi wa umeme Mtwara kwa miaka miwili, na alipofika arobaini alikuwa ndiye fundi pekee wa kiwanda kidogo cha kugandisha pweza hapo Kilindoni. Watu walimwita Injinia. Hakuwa injinia, wala hakuwahi kuwakataza.

Kiwandani mlikuwa na kontrola, kisanduku kilichoendesha mashine za baridi, na kebo moja iliyopeleka habari zake kwenye kompyuta ya ofisini. Hapo meneja wao, Happy, mwanamke kijana aliyetoka Mwanza, alisoma joto la kila chumba bila kuondoka kitini. Jumatatu moja asubuhi skrini ilijaa alama zisizosomeka, mabano na vijiti vitupu.

Happy akamwita Haruni. Sakafu ilikuwa bado mbichi, kwa kuwa Bi Kijakazi wa Ndagoni, mfanya usafi aliyempita Haruni kwa miaka kama ishirini, alikuwa ndiyo kwanza amalize kupiga deki. Haruni hakufungua chochote. Alitazama sakafu, akatazama plagi, akasema maji yameingia kwenye kebo.

"Nimepiga deki upande wa mlangoni tu," Bi Kijakazi alisema. "Huko kwenye nyaya sifiki."

Haruni akamjibu kwamba unyevu husafiri. Alijua hana hakika, ila maneno yalisikika ya kitaalamu, na wafanyakazi walikuwa wamekusanyika wakimsikiliza. Happy akamwambia Bi Kijakazi akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Mama yule akaiweka ndoo pembeni, akajitanda khanga yake, akatoka bila kuaga.

Haruni aliikausha plagi. Alama zikabaki zilezile. Akabadili kebo nzima, zikabaki. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza. Aliichomoa kebo kwenye kontrola, akaunganisha ncha ya kupeleka na ncha ya kupokea kwa kipande cha waya, kisha akaandika herufi chache kwenye kompyuta. Zilirudi safi, kama alivyoziandika. Akairudishia ile kebo ya zamani, akajaribu tena. Nayo ikarudisha herufi safi; kumbe kebo haikuwa na kosa lolote.

Basi akaenda kupekua mipangilio ya kontrola. Kompyuta ilikuwa ikisoma kwa spidi ya 9600, na kontrola ilikuwa ikipeleka kwa 19200. Mmoja anasema mbio, mwenzake anasikiliza polepole, wangeelewana vipi?

Hapo akakumbuka. Namba ile aliibadili yeye mwenyewe Jumamosi, akitaka habari zifike upesi zaidi, kisha akaitwa kwenye pampu na akasahau kuibadili upande wa kompyuta. Akairudisha ilivyokuwa. Joto la vyumba likaonekana tena, na Happy akamsifu mbele ya wote, akisema maji na mitambo havipatani. Haruni akazipokea sifa zile. Hakusema ukweli Jumatatu ile, wala Jumanne, huku akikwepa kupita karibu na ndoo iliyoachwa.

Jumatano, baada ya swala ya alasiri, alipanda bodaboda hadi Ndagoni. Bi Kijakazi alikuwa uani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha kukaa.

Haruni akamweleza yote akiwa wima, macho chini: ile spidi, ile Jumamosi, na zile sifa alizozipokea. Akamwomba radhi. Bi Kijakazi aliendelea kusuka mpaka Haruni alipomaliza.

"Uliponisingizia walikuwepo wangapi?"

"Saba, pamoja na meneja."

"Mimi nilikuwa najua kwamba sikumwaga maji. Wasiojua ni hao. Kawaambie."

Alhamisi asubuhi aliwakusanya wote saba akawaambia. Ukasha, mpakia barafu, alianza kucheka, kisha akaacha, na kule kuacha kukamuuma Haruni kuliko kicheko chenyewe. Happy aliuliza mara mbili kama ndivyo ilivyokuwa. Akamwandikia Haruni barua ya onyo, kisha akampigia simu Bi Kijakazi na kumtaka radhi yeye mwenyewe, akimwomba arudi kazini.

Bi Kijakazi alirudi Jumamosi. Kila asubuhi huiitikia shikamoo ya Haruni, lakini hasimami kuzungumza, wala Haruni hathubutu kumsimamisha.