Miguu ya Binti Yangu Nanyori

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa. Sajini wa dawa wa bomani Arusha, Mjerumani, alinikabidhi ndoo ya chokaa na brashi, akaniamuru nipake ukuta wa chumba cha wagonjwa. Nilikuwa nimemaliza madarasa ya juu ya shule ya serikali kule Tanga, nasoma na kuandika Kijerumani, na nilikuwa nimevaa kanzu mpya.

"Kalamu yako itangoja," alisema. "Hapa tunaanza na uchafu."

Vijana mnaosomea uganga leo mngeshangaa jinsi tulivyokuwa na vitu vichache. Homa tuliitibu kwa kwinini, tumbo kwa chumvi ya haluli, vidonda kwa iodini. Kaswende dawa yake ilikuwa zebaki. Tuliichanganya na mafuta, tukampaka mgonjwa mapajani na kwapani kila siku, mpaka fizi zivimbe na mate yamtoke ovyo. Hapo tulisema dawa imeingia. Mimi nilifunga vidonda, nilipima dawa, na nilikuwa mkalimani. Kimaasai ni lugha ya sisi Waarusha, na Kimeru nilikipata kwa mke wangu Ndeshi, aliyetoka juu Nkoaranga, mahali ambapo vijito vinashuka baridi kutoka msituni.

Walowezi walipofungua mashamba ya mifugo upande wa kaskazini wa Mlima Meru, bwana mkubwa wa boma aliamua kuweka kituo cha dawa Engare Nanyuki. Sajini alinipendekeza mimi. Nilijiona nimepanda cheo. Tulihama Sekei, kwetu karibu na boma, na mzigo mdogo, Ndeshi akiwa na binti yetu wa kwanza, Nanyori, mgongoni, bado ananyonya. Kule ni nchi ya vumbi na upepo. Nilijenga karibu na chemchemi kwa makusudi, kwa sababu maji yake yalikuwa maangavu. Sajini alitufundisha kwamba maji yenye tope huleta kuhara damu, nami nilihubiri neno hilo kwa kila mgonjwa. Vibarua wengi wa mashamba yale waliacha kijito cha tope walichozoea wakahamia chemchemi yangu.

Nanyori alitembea mapema, akakimbia mapema. Kisha, alipofika umri wa kuchunga ndama nyumbani, nikaona magoti yake yanagongana. Mifupa ya mbele ya miguu ilianza kupinda kama upinde. Jioni alilia miguu inamuuma, na asubuhi aliamka amekakamaa kama kikongwe. Watoto wawili watatu wa vibarua walikuwa hivyo hivyo. Wao niliwaita watoto wenye matege, nikapita.

Sajini alipokuja kukagua kituo alimtazama Nanyori, akasema, "Matege. Mtoto hapati jua."

Nilipomtafsiria Ndeshi, alitazama nje, kwenye uwanja usio na hata mti mmoja. "Jua? Mwambie aje akae naye nje tangu asubuhi. Labda kwao jua ni kitu cha kuazima."

Sikulitafsiri hilo. Fundi chuma wa boma alitengeneza vyuma vya kunyoosha miguu, tukamfunga navyo. Tulimnywesha mafuta ya ini la samaki, akayatapika. Vyuma vilimchubua, na miguu ikaendelea kupinda. Baba yangu mdogo alikuja kutoka Sekei, akasema kuna laana ya mzee ambaye ukoo wetu ulimdhulumu. Tukachinja kondoo. Nilikula nyama ile nikiona aibu kwa sajini, lakini nilikula.

Ndeshi akasema, "Baba Nanyori, niruhusu nimpeleke kwa mama. Kwetu hakuna mtoto wa namna hii."

"Unataka kusema ukoo wangu ndio mbovu?"

"Nataka kusema mtoto anaumwa. Wewe ndiye unayesikia ukoo."

Nilikataa. Nilisema atabaki penye dawa.

Meno yake ya ukubwani yalipotoka, yalitoka na madoa ya kahawia na vishimo. Mwaka huo daktari wa kijeshi alipita kutoka Moshi. Hakuwa mtu mbaya. Alimlaza Nanyori mezani, akapapasa mifupa kwa upole, akamfunua midomo. Kisha akaniambia kwa Kijerumani, "Mifupa hii na meno haya. Nadhani ni kaswende ya kurithi. Umemkagua mama yake?"

"Huyu ni mwanangu, Bwana Daktari."

Alivua miwani, akaifuta. "Basi nitawakagua nyote wawili."

Hakuona dalili yoyote, kwangu wala kwa Ndeshi. Alisema ugonjwa huo huweza kujificha, na kwamba yeye hana hakika. Alirudia mara ya pili kwamba hana hakika. Kazi yangu ilikuwa kufikisha maneno ya daktari kwa mgonjwa. Siku ile nilimwambia mke wangu: "Daktari amesema una kaswende. Umempa mtoto tumboni."

"Mimi? Nimeitoa wapi?"

"Wewe ndiye unayejua."

Nikampaka zebaki kwa mikono yangu, yeye na mtoto. Fizi za Ndeshi zilivimba akashindwa kula. Tulimlainishia maharage kwa magadi, na Nanyori naye. Hakuna aliyepona kitu. Ndeshi alipogundua ana mimba tena, alisusa dawa.

"Hii utaiua," alisema. "Na miguu ya mwenzake haijanyooka hata kidogo. Wewe hujui, na daktari wako hajui. Semeni tu hamjui."

Nikamfukuza. Siwezi kuliandika kwa neno laini zaidi. Mtoto mwenye vyuma alibaki kwangu, kwa kuwa kwa desturi ni wa baba. Nanyori aliwafuata hadi njiani mama yake na mjomba wake aliyekuja kumchukua, kwa mwendo ule wa kuburuta, mpaka nikamrudisha kwa kumbeba.

Ndeshi alijifungua mtoto wa kiume huko juu, akaitwa Nderingo. Vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, na Waingereza wakanirudisha hospitali ya mjini Arusha. Wazee wa Nkoaranga waliniita tusuluhishwe. Nilimkuta Nderingo ameshaota meno ya ukubwani ya mbele. Yalikuwa meupe kama maziwa, na miguu yake imenyooka. Alikimbia mteremko mzima kuja kuniangalia.

Mtu aliyezoea kupima dawa angejiuliza kwa nini mtoto mmoja amepinda na mwingine amenyooka. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilisimama mbele ya wazee nikasema, "Huyu hafanani na mwanangu. Si wangu."

Baba yake Ndeshi hakupandisha sauti. "Mkwe, maliza pombe yako uende."

Sikurudi. Nilifanya kazi chini ya mabwana waganga wengi, nikastaafu kwa sifa. Nanyori hakuolewa. Alitembelea fimbo mbili, akanipikia, akanifulia. Alipouliza habari za mama, nilimwambia mama yake ndiye aliyemharibu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu nilipokutana, nyumbani kwa mchungaji wetu, na kijana mpima maji wa serikali aliyetoka Engare Nanyuki na chupa zake. Alitueleza kwamba chemchemi za upande ule zina madini ya floraidi kupita kiasi, na magadi pia yanayo. Mtoto anayekua nayo huharibika meno na mifupa. Mtu mzima meno yake huwa yamekwisha kuumbika, kwa hiyo huweza kukaa miaka asione kitu. Nikamwuliza kuhusu vijito vya juu msituni.

"Vile ni salama, mzee," alisema. "Ukitaka kujua, tazama meno ya watoto wa kule."

Nikauliza habari za Nkoaranga. Ndeshi alikuwa amekufa zamani. Nderingo alikuwa na kahawa na watoto wake.

Nanyori nilimwambia asubuhi, akichambua mboga. Nilieleza yote kwa utaratibu: maji, magadi, zebaki, maneno ya daktari niliyoyaacha bila kuyatafsiri, na ndugu yake. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka mboga zikaisha.

"Kwa hiyo mama hakuwa na kosa."

"Hakuwa nalo."

"Na wewe hukuwa na hakika."

"Hakuna aliyekuwa na hakika."

"Sikukuuliza wengine, baba."

Watu huniuliza nimejifunza nini katika maisha ya kazi. Ugonjwa usiojulikana ni mgumu kuishi nao, lakini mtu anaweza kuishi nao. Sisi tuliona haya kukaa bila jina, tukachukua la karibu, tukampa mtu alibebe. Mganga kijana, ukiwa hujui, mwambie mgonjwa hujui. Atakukasirikia, kisha atarudi nyumbani na mke wake.

Nanyori aliomba nimtafutie gari la kumfikisha Nkoaranga. Nderingo alitupokea uani. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," kama mtu anavyomwamkia mgeni, kisha akamgeukia dada yake akampa mkono wa kuegemea. Wakapanda pamoja polepole kuelekea migombani, kwenye kaburi la mama yao. Sikuambiwa nifuate, wala sikuambiwa nisifuate. Nilibaki nimeketi garini. Baada ya muda akaja mtoto wa Nderingo kuchukua nguo za shangazi yake, akamwambia dereva kwamba mzee anaweza kurudi peke yake.