Mzee Aliyenishikia Tepu

Usiponiamini sitakulaumu, lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa hapa Toronto, na sikuwa nimekunywa kitu.

Nilisomea uchoraji wa majengo Nairobi. Huku nikapanga mizigo ghalani Scarborough miaka mingi, mpaka ofisi moja iliponipa kazi ya majaribio: kupima stesheni ya zamani ya reli inayokarabatiwa. Kupima ukumbi kunataka watu wawili, mmoja kila ncha ya tepu. Mwenzangu akaugua, nami nikaogopa kusema nimeshindwa. Nikaenda peke yangu.

Nikiwa nahangaika kuibana tepu kwa tofali, mzungu mzee mwenye koti refu jeusi akaiokota ile ncha. "Vuta," akasema. Aliingilia wapi, na mlango niliufunga mwenyewe? Nikashuku ametumwa na bosi kunichunguza. Basi nikajifanya mpole.

Huku tukipima akanisimulia kazi yake. Alianza kwa kunoa penseli za wakubwa, akapanda, akachora stesheni za njia nzima ya reli. Hii ndiyo iliyommaliza. Nguzo moja ilitoka fupi kwa upana wa kiganja, paa likabonyea, na hakuna aliyempa kazi tena. Akanionyesha juu ya nguzo, pengo lililojazwa vipande vya mbao. Nikashtuka, maana stesheni ile ni ya enzi za babu wa babu yangu.

"Simama hapa nikupime," akasema. "Mchoro unataka kimo cha mtu."

Kwetu aliye hai hapimwi hivyo. Anayepimwa ni wa jeneza, na mama alitukataza tangu utotoni. Mwili mzima ulikataa, lakini nikaiwazia kazi. Nikasimama. Tepu ilikuwa baridi kisogoni. Nilipogeuka ilikuwa sakafuni, na kwenye vumbi hakukuwa na nyayo ila zangu.

Wiki iliyofuata mhandisi alikagua. Mbao hazikuwepo, nguzo imegusa boriti. Nikaajiriwa rasmi.

Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, mke wangu alisimama kando yangu kwenye kioo. "Baba Taji," akasema, "mbona siku hizi tunalingana?" Nilikuwa nikimzidi kwa kiganja. Daktari anasema ni mgongo. Mimi naogopa, sifichi.

Ndugu yangu, mtu usiyemjua akikuokotea ncha ya pili, kunja tepu yako urudi nyumbani. Mimi nimechelewa. Mwezi ujao ofisi inanituma stesheni nyingine ya njia ile ile, na sijui huko alikosea kiasi gani.