Wakati Wote Akihema

Enzi zetu, naambiwa kila ninapokaa na watu wa rika langu, hakukuwa na pumu. Wanasema hivyo wakiwa wameshiba migebuka, samaki wa ziwa letu, vidole bado vinang'aa mawese. Watoto wa zamani walikuwa na miili ya chuma, wanasema, si kama hawa wa siku hizi wanaotembea na vidude vya kupuliza mdomoni. Halafu wananigeukia niitikie, kwa kuwa nilikulia Ujiji pamoja nao na vumbi tulilokula lilikuwa moja. Siitikii. Pumu ilikuwapo. Nililala nayo kitanda kimoja, ndani ya kifua cha dada yangu Zuhura, na ililia kama mlango uliokosa mafuta.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, na mimi nakumbuka vyote, maana wenzangu wanachagua. Nakumbuka dagaa walioanikwa mwaloni, mchanga wote ukiwa umevaa fedha, na sisi tukiwafukuza kunguru kwa matawi ya michikichi. Nakumbuka ugali wa muhogo uliovutika hadi ukamkasirisha mgeni. Nakumbuka asubuhi baada ya mvua, milima ya Kongo inapojitokeza ng'ambo ya ziwa, karibu mno, kama vile mtu ameisogeza usiku. Tulivua nguo tukajirusha majini kutoka kwenye mitumbwi, tukashindana kupiga mbizi. Na kila mara nguo zetu alizishika Zuhura. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, magauni na kaptula za mtaa mzima zimejaa mapajani, akitupigia makofi. Wenzangu wanayakumbuka maji. Ukiwauliza nani alishika nguo, wanarudia habari za maji.

Shuleni siku ilianza na mchakamchaka. Siku hizi watoto wanafikishwa darasani kwa bajaji na bado wanapiga miayo. Sisi tulikimbia kuzunguka mtaa tukiimba, vumbi jekundu likipanda hadi kwenye nyusi. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini Zuhura naye alikimbizwa. Mwalimu wa michezo, mtu mwenye sauti nzuri ya kuimbisha, alitangaza mstarini kwamba pumu ni uvivu uliopewa jina la hospitali. Tulicheka. Alikuwa anachekesha kweli, mwalimu yule, na hadi leo wanafunzi wake wa zamani humtaja kwa mapenzi. Mimi nikimtaja meno yanauma.

Na tiba zetu je? Zuhura alinyweshwa supu ya kobe. Kisha shangazi yetu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho nyumbani tangu baba afariki, alileta majani makavu kutoka kwa mganga mmoja wa Simbo. Wakamkalisha Zuhura kwenye kigoda, wakamfunika blanketi gubigubi, wakayachoma majani yale ndani ya kibakuli miguuni pake. Hebu fikiri. Mtoto hapati hewa, watu wazima wanamfungia na moshi. Alipotoka humo midomo ilikuwa imebadilika rangi, na shangazi akasema ugonjwa unatoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu kutoka Burundi na Kongo hadi tukaacha kushangaa. Wengi walipelekwa kambini, ila wapo waliobaki mjini wakapanga vyumba vya uani. Cha kwetu alipanga Dada Esperansi, muuguzi kutoka Bujumbura, mwanamke mrefu aliyevaa kitenge kimoja na kukifua kila jioni. Kiswahili alikijua, lakini alikisema kwa mdomo wa kwao, na sisi watoto tulimwiga tukianguka kwa vicheko. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua Kirundi wala Kiha. Sisi ni watu wa Ujiji, wazee wetu walikuja na misafara kutoka ng'ambo, na Kiha tulikiona ni lugha ya watu wa milimani wanaoshuka na ndizi sokoni. Tulijivunia kutokijua. Neno hilo, tulijivunia, linanichoma kuliko mengine.

Dada Esperansi alimsikiliza Zuhura kifua kwa sikio lake tupu, mgongoni, kama anayesikiliza kilicho upande wa pili wa ukuta. Baada ya muda akaleta pampu ya rangi ya kahawia, aliyoipata kwa mwenzake aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kambini. Kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni, alimwita Zuhura chumbani kwake. Tikisa. Toa pumzi yote. Puliza, vuta ndani polepole, shikilia. Kisha sukutua, tema. Mama alikuwa mwaloni asubuhi, sokoni jioni. Aliona pampu ipo, aliona mtoto anaitwa, akamwachia mwenye kujua.

Shangazi hakupenda. Alisema mtoto akishawekwa kwenye pampu ndiyo basi, maana hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya sanda. Alisema mtoto ataizoea. Neno hilo, kuzoea, lilizunguka uani kwetu kama nzi. Jirani wa kushoto alilisema, muuza maandazi alilisema, hata imamu wa mtaani alipopita kusalimia aliuliza kwa upole kama hatuogopi mtoto kuzoea.

Na Zuhura akapona. Si kupona moja kwa moja, sasa najua, lakini kile kifua kikanyamaza. Nililala naye nikakosa usingizi kwa ukimya. Kwa mara ya kwanza aliingia kwenye kombolela. Mtafutaji alikuwa ameshatukamata wote, tumesimama ukutani kama kuku wa mnadani, mara Zuhura akachomoka nyuma ya matanki ya mawese, miguu myembamba ikiruka, akalibutua kopo hadi uani kwa jirani. Akatukomboa wote. Tulimbeba. Alicheka hadi akakaa chini, na kilichomkalisha kilikuwa kicheko, si pumu. Kama kuna enzi ninayoililia, ni hiyo, na ilikuwa fupi kama msimu wa kumbikumbi.

Kisha likaja tangazo kwamba wageni wote walioko mjini waende kambini. Magari yalifika mtaani kwetu asubuhi. Kuna jirani aliyenyoosha kidole kuelekea uani kwetu. Namjua, na anajua kwamba namjua. Dada Esperansi alitolewa na kitenge chake na beseni. Watu walikuwa wamesimama barabarani, wengine wakimhurumia, wengine wakiimba kama wako harusini. Mama alirudi mbio kutoka mwaloni, mikono ina magamba ya dagaa, akamkuta ameshapandishwa juu ya lori. Dada Esperansi aliinama kwenye ubao wa lori akamkabidhi pampu.

"Mama Zuhura," alisema, "wakati wote akihema, umpe. Umenisikia? Wakati wote akihema."

Mama akasema amesikia. Lori likaondoka.

Alisikia, ndiyo. Wewe msomaji nawe umesikia, na kama Kiswahili ndicho kilichokulea, umesikia kama mama: mtoto akihema, yaani akitweta, akikosa pumzi, mpe dawa. Mama alifurahi. Alielewa kwamba hali imekuwa nzuri, kwamba sasa dawa si ya kila siku tena, ni ya siku mbaya tu. Hata shangazi alilegea. Alisema afadhali, huyo mgeni naye mwishowe ameona hatari ya kuzoea. Wakaifunga pampu kwenye kitambaa, wakaiweka kabatini kama sahani za wageni.

Kifua cha Zuhura hakikurudi kulia siku ileile. Ndiyo ubaya wake. Kilikaa kimya wiki kadhaa, watu wakasema unaona, hakuwa anaihitaji. Kisha ikaja siku ya usafi wa shule. Darasa letu tulipewa kufagia uwanja, kiangazi, mifagio ya chelewa, vumbi likisimama hewani kama ukuta. Zuhura aliomba kuchota maji badala ya kufagia. Alikataliwa. Nilimrudisha nyumbani mchana akiwa ameniegemea, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa mchangani. Mama alikifungua kile kitambaa. Akampulizia. Tukasubiri. Akampulizia tena, na tena, na Zuhura akimwangalia mama usoni, bila kulia, maana kulia kunataka hewa.

"Nilisema mimi," shangazi akasema. "Dawa ya mkimbizi hiyo. Tikisa uone, ni hewa tupu."

Dawa ile haikuwa hewa tupu. Haikuwa dawa ya kufungua kifua pale pale. Hiyo ni nyingine, na nyumbani hatukuwa nayo. Ile ya kahawia hutuliza uvimbe wa ndani polepole, siku baada ya siku, na ukiiacha haitoi onyo. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba jirani mwenye baiskeli alimpakia Zuhura, mama akikimbia pembeni akimshikilia mgongo, na kwamba hospitali walimtundikia dripu, na kwamba muuguzi wa zamu alimfokea mama kwa nini ameacha kumpa mtoto dawa. Mama akajibu kwamba hajaacha, anampa kama alivyoelekezwa. Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Alipotoka hospitali shangazi alikuwa ameshaitupa pampu chooni. Miaka iliyofuata Zuhura aliishi kwa sindano za dharura na supu za watu. Shule ilimshinda kabla hajafika darasa la saba, na mwalimu yule mwenye sauti nzuri akasema aliliona hilo tangu mapema.

Maana ya neno nilikuja kuijua nikiwa sekondari, bwenini, kwa rafiki yangu mmoja, Muha wa Kalinzi, huko milimani. Alikuwa amerudi kutoka kwao kumwona mtoto mchanga wa dada yake, aliyezaliwa kabla ya wakati. Nikamuuliza hali ya mtoto. Akasema hajambo, anahema vizuri. Nikashtuka, nikamwambia kama mtoto anahema wamkimbize hospitali. Akaniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa, kisha akacheka.

"We mswahili wa Ujiji," akasema. "Kwetu kuhema si kutweta. Ni kupumua tu. Wewe hapo unahema. Mimi nahema. Ukiacha kuhema tunakuzika."

Na kwa Warundi, nikamuuliza. Akasema hata wao.

Nilikaa kitandani nikasikia lori likiondoka tena. Wakati wote akihema. Wakati wote akiwa anapumua. Maadamu yu hai, mpe. Mwanamke yule alisimama juu ya lori, anafukuzwa, nyimbo zinaimbwa, na alichokifikiria kilikuwa kifua cha mtoto wa wenye nyumba. Na sisi, mtaa mzima wa watu waliojiona wajuzi, tumeishi na Waha tangu babu zetu, hatukuwa na mtu mmoja wa kulijua neno la jirani. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile haijazeeka.

Mama nilimwambia likizo hiyo. Alikuwa anachambua dagaa. Aliuliza mara moja tu: "Alisema hivyo?" Kisha akaendelea kuchambua, lakini aliwatupa wazima na kuwabakiza waliovunjika, na sikumwambia.

Siku hizi kliniki inampa binti wa Zuhura pampu mbili, moja ya kila siku na moja ya dharura, na maelezo yanatolewa hadi mtu ayarudie kwa mdomo wake. Binti mwenyewe anaipuliza asubuhi jicho moja likiwa kwenye simu, anasukutua kwa madaha kama bibi harusi, analalamika kwamba ina ladha mbaya. Ana bahati na hajui, na nisingependa ajue. Anakimbia. Anaogelea hadi anaitwa kwa fimbo. Zuhura naye sasa anatumia yake kila siku, ila daktari alimweleza wazi kwamba njia za hewa zilizokakamaa kwa miaka ile yote hazitanuki tena.

Juzi tulipanda pamoja kutoka mwaloni, sisi watatu. Katikati ya mlima Zuhura alisimama, akafungua kitenge chake, akakikung'uta, akakifunga upya taratibu sana, macho yakiwa ziwani. Hatua chache mbele akasimama tena, akakifungua tena. Binti yake alikuwa ameshafika juu, anatungoja huku akichezea simu, na aliponiona nimefika akanung'unika kwamba mama yake anajipenda mno, hawezi kutembea bila kujirekebisha nguo.