Kisahani Cheupe

Fundi wa maabara husema na visahani vyake kama mtu anayebembeleza watoto wachanga. Hupasha viganja kwa pumzi kabla ya kuvigusa, kisha huuliza, "Haya wanangu, leo mtanenepa au mmegoma?" Humo hulea seli changa ambazo zikikomaa hujaa mafuta, na rangi anayotia huyageuza mafuta hayo mekundu. Siku moja mzee muuza majani ya dawa alikuja kuona kisahani kilichotiwa dawa yake ya kupunguza unene. Marehemu mama yake alikuwa akichemsha jani moja, tena akionja kwanza mwenyewe. Siku hizi watu hawana subira, naye mzee alichemsha gunia zima hadi ikabaki chupa moja ya maji meusi. Kisahani kisicho na dawa kilikuwa chekundu. Chake kilikuwa cheupe pe.

"Si nilikwambia, binti yangu? Mafuta yametimua mbio."

Fundi aliinamia hadubini. Kidole chake, ambacho hugonga meza kila anapofurahi, kilibaki hewani. "Mzee wangu, ule uchungu wa majani, polifenoli, ukiwa kiasi huzuia seli zisinenepe. Hizi hazikuzuiwa. Zimekufa." Sauti ya mabembelezo ilikuwa imemkauka. "Nani anakunywa hii?"

"Mwanangu. Ananicheka kwamba nampa wino, lakini anakunywa. Kikombe cha mchana ni saa hizi."

Fundi alimpa simu ampigie. Ikaita, ikaita tena, na hakuna aliyepokea. Fundi akapasha viganja vyake kwa pumzi, akaushika mkono wa mzee.