Mikono? Nje!

Mama mkubwa alikuwa na tabia moja ambayo sisi wa nyumbani tuliicheka mpaka siku ilipoacha kuchekesha. Alikuwa anaitikia salamu kabla hujampa. Unaingia jikoni asubuhi, macho bado yamejaa usingizi, hata "shi" ya shikamoo haijatoka, yeye tayari: "Marahaba, umeamkaje, vizuri, haya kunywa chai uende shule." Swali lake, jibu lako na ruhusa ya kuondoka, vyote kwa pumzi moja. Siku moja niliingia kimyakimya makusudi, mdomo nimeubana, nione itakuwaje. Akasema "marahaba" vilevile, amenipa mgongo, anakoroga uji. Nilicheka mpaka nikajipalia.

"Unacheka nini?"

"Sijakuamkia, Mama."

"Umeniamkia. Nimekusikia."

Hakuwa anatania. Nilimwangalia usoni vizuri, maana mimi hupenda kumkamata mtu mzima akidanganya, na sikuona uongo hata chembe. Alikuwa amenisikia kweli.

Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mikate, chumba cha kukandia unga. Wenzake walimwita Mama Saa, kwa sababu hajawahi kuchelewa na kwa sababu alipenda kuharakisha watu. Niliwahi kumpelekea miwani aliyoisahau, nikaruhusiwa kusimama mlangoni dakika chache, na chumba kile ninacho kichwani mpaka leo. Kuta nyeupe, sakafu inayoteleza, harufu ya hamira inayokukaa kooni. Katikati kuna mashine, pipa la chuma ambamo watu wawili wangeweza kuogea, na ndani yake kulabu nene kama paja langu, inazunguka. Unga ukikolea hung'ang'ania pembeni mwa pipa, kwa hiyo kila baada ya muda mashine inazimwa, mtu anaingiza mkono na kukwangua. Swichi iko ukutani. Nilihesabu hatua kutoka kwenye pipa, ni sita. Na anayesimama penye swichi haoni ndani ya pipa.

Ndiyo maana walikuwa na utaratibu wao. Mwenye swichi anapaza sauti, "Mikono?" Mkwanguaji akishautoa mkono anajibu, "Nje!" Hapo ndipo swichi inabonyezwa. Mikono? Nje! Mikono? Nje! Mara sitini, sabini kwa zamu moja.

Mkwanguaji alikuwa msichana waliyemwita Kijiko, kwa ule wembamba wake na kichwa kikubwa cha nywele. Siku ile ya miwani niliwasikia wakitupiana maneno juu ya kelele za mashine.

"Kijiko! Kwangua, acha kulamba!"

"Kijiko kisicholamba ni mwiko, Mama Saa! Na wewe hiyo betri yako haiishi?"

"Ikiisha nitachukua ya kwako, huitumii!"

Chumba kizima kilicheka. Kijiko alinikonyeza. Alikuwa na unga mpaka kwenye kope.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, mama mkubwa aliita "Mikono?", akasikia "Nje!", akabonyeza. Mkono wa kulia wa Kijiko ulikuwa ndani.

Nilipotoka shule nilimkuta mama mkubwa amekaa kwenye kiti cha jikoni na aproni ya kazini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana alikuwa mkali sana wa usafi. Alisema sentensi moja, akairudia mpaka jioni. "Alisema nje. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Kijiko naye, kutoka hospitali, alisema hakujibu kitu. Kulikuwa na donge limekwama chini ya kulabu, alikuwa bado analivuta. Wengine wote walikuwa upande wa majiko, na kelele za kule hazimruhusu mtu kusikia hata jina lake. Kwa hiyo yalibaki maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine, na kikao cha kuchunguza ajali kikapangwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Hata mimi nilielewa hesabu yake. Kama Kijiko alijibu "nje" na mkono uko ndani, basi uzembe ni wake, atarudi nyumbani bila kazi wala fidia. Kama hakujibu, uzembe ni wa mama mkubwa.

Msimamizi wao alikuja nyumbani Alhamisi. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeambiwa limelowa.

"Mama, mimi sikufundishi cha kusema. Wewe ulisikia nini?"

"Nje."

"Basi si ndiyo hiyo? Sema hiyo. Usiongeze neno, usipunguze. Miaka kumi na tisa, mama, bila doa. Nani asiyekuamini wewe?"

Alipoondoka, mama mkubwa alikuwa na nafuu kidogo usoni. Usiku ule alikula.

Ijumaa alitaka kwenda kumwona Kijiko, akanichukua nimsindikize. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa bado. Tukiwa kwenye ngazi za hospitali tukakutana na mama yake Kijiko anashuka, mkononi ana mfuko wa nguo chafu. Mama mkubwa akamwendea haraka, kama anavyokwenda haraka kwenye kila kitu.

"Dada yangu, pole sana. Habari za mgonjwa?"

Yule mama akasema, "Wamemkata. Hapa." Akajionyesha chini kidogo ya kiwiko.

"Afadhali, tunamshukuru Mungu," mama mkubwa akasema, akanyoosha mkono kumpokea mfuko.

Nilitamani ngazi zinimeze. Yule mama alimtazama mama mkubwa kwa muda, hakupiga kelele, hakutukana. Aliuvuta tu mfuko wake, akashuka, na sauti ya kandambili zake niliisikia mpaka ilipopotelea chini. Muuza maji aliyekuwa pale karibu akageuza uso pembeni.

"Ana hasira na mimi," mama mkubwa akasema. "Ana haki."

Hatukuingia. Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Nyumbani alichukua sinia la maharage, akaanza kuchambua. Punje nzima huku, mawe kule. Kisha mkono ukasimama.

"Lakini kuninyang'anya mfuko vile! Nimemuuliza vizuri hali ya mwanawe. Kaniambia anaendelea vizuri, nikashukuru. Kosa langu liko wapi?"

"Hakusema hivyo, Mama."

"Hakusema nini?"

"Hakusema anaendelea vizuri."

"Alisema nini basi?"

Nilitamani aniulize kitu kingine, chochote. "Alisema wamemkata. Akakuonyesha na mahali."

"Acha utani wa namna hiyo."

"Sikutanii."

"Na mimi nikasema nini?"

Sikumjibu. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mama mkubwa anasubiri jibu. Alisubiri kweli, shingo ameisogeza mbele kama kiziwi.

"Ulisema afadhali, tunamshukuru Mungu."

Aliliweka sinia chini taratibu mno. Akaangalia mlango. Maharage machache yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye kiganja na yeye hana habari.

"Nilimsikia," akasema kwa sauti ndogo. "Anaendelea vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosikia."

Mimi udadisi wangu hauna adabu, kwa hiyo niliuliza. "Mama, sauti ya Kijiko, ile ya Jumanne, ilikuwaje? Ya juu? Ya haraka?"

Alifumba macho. Nilimwona anatafuta, midomo inachezacheza.

"Namsikia," akasema. "Anasema 'Nje!' kwa ule mlio wake wa puani. Lakini nikijiuliza ni siku gani, sipati. Ni 'nje' ya siku zote. Ya Jumanne siipati."

Alilia hapo, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi nilikuta kipande cha chaki juu ya friji, kile changu cha kuandikia ubao wa nyumbani. Aliniambia ameamua kujipeleleza. Kila akisikia jibu ambalo halijatoka kinywani mwa mtu atachora mstari kwenye fremu ya mlango wa jikoni, na mimi nikimkamata nichore mwenyewe bila huruma.

Nikadhani ni mchezo. Ilipofika saa sita mchana kulikuwa na mistari saba. Alimuuliza jirani kama bomba lake linatoa maji, akageuka na kusema "haya, vizuri," jirani bado anafikiri. Aliniuliza kama nimeshiba, akaondoa sahani yangu yenye chakula. Alisema "karibu!" kwa mlango ambao hakuna aliyebisha. Huo wa karibu tulicheka wote wawili, kisha kicheko kikamkauka.

Jumapili akajaribu dawa. Akiuliza kitu, anabana midomo, anatazama kinywa cha mtu mpaka kifunguke. Watu walimshangaa. Muuza duka alimuuliza, "Mama, nina kitu kwenye meno?" Na jambo nililoliona ni hili: watu wakisubiriwa, wanasema mengine. Jirani wa bomba, aliyekuwa akijibu "nzuri" miaka yote, aliulizwa habari, akasubiriwa, akasema "nzuri," akasubiriwa tena, akasema mumewe ana mwezi hajarudi. Mama mkubwa alirudi ndani amejishika kichwa.

"Ukuta mmoja," akasema. "Mwezi mzima. Na kila asubuhi namuuliza."

Jumatatu alivaa gauni lake la heshima, akaenda kikaoni. Sikuwepo, nilikuwa shule, lakini jioni nilimuuliza mpaka akachoka, akanipa neno kwa neno. Walikuwa watatu nyuma ya meza, msimamizi na afisa mmoja wa kiwanda, na karani wa kuandika.

Afisa akauliza, "Uliita 'Mikono'?"

"Niliita."

"Ukasikia 'Nje'?"

"Nilisikia."

"Asante, mama. Karani, andika alisikia. Mama, weka sahihi hapa."

Akasema, "Sijamaliza. Nilisikia, lakini mimi ni mtu wa kusikia hata kisichosemwa. Nimejichunguza."

Msimamizi akacheka kidogo, cheko la kumwokoa. "Mama amechoka. Ni majonzi haya."

"Sijachoka, kijana wangu. Nyumbani kwangu kuna mistari ishirini na sita mlangoni, njoo uihesabu."

Afisa akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo unasema hakujibu?"

Alipofika hapa kunisimulia, nilimwambia mama mkubwa kwamba angesema tu ndiyo, ingekuwa rahisi. Akanikatalia. Alisema angekuwa anafanya kosa lilelile, kuziba pengo kwa maneno. Alimjibu afisa hivi: "Kama alijibu au hakujibu, sijui. Ninachokijua ni kimoja. Sikusubiri. Nimeacha kusubiri miaka mingi tu. Andika hivyo, sikusubiri."

Karani alimtazama afisa. Afisa alimtazama msimamizi. Mama mkubwa akasema hatasaini mpaka asomewe, akasomewa, neno "sikusubiri" likiwemo. Akasaini. Kabla hajafika getini alikuwa ameshapewa barua ya kusimamishwa, na wiki mbili baadaye ikaja ya kufukuzwa. Msimamizi alipita mtaani kwetu akajifanya hatuoni.

Fidia ya Kijiko ilikubaliwa. Nilidhani sasa mambo yatakuwa mepesi, kwamba mtu akishasema ukweli kuna kitu kinarudi mahali pake. Siku Kijiko aliporuhusiwa kutoka hospitali tulikwenda kwao, na mama yake alitufungulia mlango kisha akaenda kukaa chumba cha nyuma bila kutukaribisha.

Kijiko alikuwa kitandani ameegemea ukuta. Kiganja cha kushoto kilikuwa kinahangaika na kilemba, anakizungusha kichwani, kikifika mahali pa kufunga kinamteleza, anaanza upya. Mkono wa kulia uliishia kwenye bandeji.

"Habari, mwanangu," mama mkubwa akasema. Akasubiri.

Kijiko aliendelea na kilemba. Kilimwangukia begani mara mbili. Mama mkubwa alisimama palepale, mikono ameishika pamoja, midomo ameibana. Nilisikia saa ya ukutani.

"Mbona umesimama tu, Mama Saa?" Kijiko akasema hatimaye. "Au leo ndiyo umepata muda wa kusubiri?"

Mama mkubwa hakujitetea.

"Nikufunge?" akauliza.

Mimi mwenyewe nilishasikia "ndiyo". Naapa niliisikia kabisa, nikapiga hatua moja mbele kuelekea kitandani. Mama mkubwa akanishika bega, akanizuia, macho yake yakiwa kwenye kinywa cha Kijiko.

Kilemba kikaanguka tena. Kijiko alikiokota, akakiweka mapajani, akakikunja kwa vidole vitano.

"Hapana," akasema.

"Haya," mama mkubwa akasema.

Tukaaga, tukaondoka.